Nyimbo Zilizonyooshwa

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, mizigo yote imefika, hata ile mitungi ya achari uliyoifunga kwa matambara matatu. Mguu unaendeleaje? Dawa unazimeza, au umezipanga juu ya kabati uzitazame? Mimi ni mzima wa afya. Kazini nimekuta kompyuta kumi na moja za wodini zimelala zikinisubiri, utadhani na zenyewe ni wagonjwa.

Ulisema mambo ya mashine yakisemwa kwenye simu yanaingia sikio hili na kutokea lile, basi nayaweka kwenye karatasi. Uibandike ukutani, kando ya kompyuta ya chumba cha muziki.

Washa kompyuta, usubiri. Litatokea dirisha jeusi. Usiliogope. Halina picha wala mshale, kazi yake ni kungoja amri tu. Andika cheza 14, halafu bonyeza Enter, nalo litapiga wimbo wa kumi na nne. Nambari ni zilezile za daftari lako, moja hadi sitini na tatu. Ukitaka kulinyamazisha, shika Ctrl na C kwa pamoja. Ukikosea herufi litakuambia halijui unachosema. Hilo si tusi, andika tena.

Siku ile tunarekodi uliniuliza kama umeme ukikatika sauti itamwagika. Haimwagiki, kwa sababu humo ndani hamna sauti. Faili za midi zinaandika tu kidole kiligusa wapi, saa ngapi, kwa nguvu gani, na kiliachia lini. Sauti yenyewe kompyuta inaiazima kutoka kwenye benki ya sauti niliyoiweka pembeni. Kwa hiyo anayepiga ni wewe, ila vidole vyako vimeandikwa. Siku ukiumwa, siku ukisafiri kuja kunitembelea, kwaya ya chuo haitakaa kimya.

Hiyo ndiyo zawadi yangu kwako. Miaka ishirini na sita umewapigia piano hao walimu watarajiwa bila kukosa zoezi, hata wiki ya harusi ya dada ulikwenda ukiwa na hina mikononi. Nataka siku moja ulale mpaka jua likuamshe.

Kuna kajambo kadogo nilitaka kukuambia kuhusu hizo rekodi, lakini si kakubwa, tutaongea siku nyingine.

Msalimie dada.

Mwanao

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeipokea kwa furaha. Sisi huku hatujambo. Mguu umepoa, na dawa nazimeza, acha kunisingizia.

Dirisha lako jeusi lina kiburi. Niliandika CHEZA kwa herufi kubwa, kwa heshima zote, likanijibu kwamba halimjui huyo. Nikarudia, likarudia. Nikaliambia, hata mwanangu alipokuwa na miaka miwili hakunijibu hivi. Mwishowe binti mmoja wa kwaya, yule ninayekuambiaga mrefu wa kimo na mfupi wa pumzi, akaniambia, "Mama, andika herufi ndogo, halipendi kupigiwa kelele." Kweli, likatii.

Wimbo wa kumi na nne ukatoka. Nilikuwa nimekaa, nikasimama. Mwalimu wa kwaya alikuwepo, huyu kijana mpya ambaye wanafunzi wamembandika jina la Bwana Saa, kwa sababu mtu akichelewa yeye hagombi, anagonga tu kioo cha saa yake kwa ukucha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, hapa umepiga vizuri kuliko siku zote." Nikamshukuru.

Jumatano ya kliniki yangu waliimba na mashine. Niliporudi kila mtu alikuwa na raha.

Kuuliza si ujinga: je, inaweza kwenda polepole? Wenye sauti ya pili bado hawajaushika wimbo vizuri.

Mama yako

15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo kama nilivyo mimi. Barua yako nimeisoma mara tatu ofisini, wenzangu wakataka kujua nacheka nini. Nikawaambia mama yangu amegombana na kompyuta na kompyuta imeshindwa.

Inaweza kwenda polepole, tena kwa urahisi. Andika cheza 14 80. Hiyo themanini ni asilimia ya mwendo. Wakishaujua, panda tisini, panda mia. Sauti haitakuwa nzito kama ya kanda iliyolegea, kwa sababu noti hazibadiliki, kinachobadilika ni nafasi kati ya noti na noti tu.

Nimefurahi sana kuona unazama kwenye fani. Uliza chochote. Wengine mama zao wakiwaandikia wanaomba viatu, mimi wangu anaomba amri.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Mguu mzima. Dada yako anakusalimu.

Nina maswali matatu. Wenye sauti ya juu wana mafua: wimbo unaweza kushushwa? Pili, mstari mmoja unaweza kurudiwa na kurudiwa bila mtu kuanza upya? Tatu, mashine inaweza kujianzisha yenyewe saa ya zoezi ikifika, bila mtu kubonyeza?

Mama yako

2 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya safari hii ilikuwa fupi kama ya karani wa benki. Hujambo kweli?

Majibu haya hapa. Kushusha: andika cheza 14 shusha 2. Kurudia: cheza 14 rudia 2, yaani mstari wa pili, mpaka uizime mwenyewe. Hilo la kujianzisha limenifurahisha zaidi, hata mimi sikuwa nimelifikiria. Ndani ya kompyuta kuna mlinzi anayetazama saa muda wote. Ukimwandikia mara moja, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi kamili alasiri atapiga wimbo unaoutaka. Amri ya kumwandikia iko kwenye karatasi ya pili, inakili herufi kwa herufi, hata vile vinyota.

Sasa na mimi nina swali moja. Mbona siku hizi husemi wewe mwenyewe unapiga nini? Zamani barua zako zilijaa piano: kibao gani kimekwama, panya amekula nini. Niandikie hayo.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Tupo. Ilijianzisha yenyewe saa kumi kamili. Bwana Saa alipiga makofi.

Mama yako

17 Agosti

Mama,

Shikamoo. Safari hii siulizi mguu, maana najua utanijibu kuhusu mguu na kuacha mengine yote.

Jana dada alinipigia kuhusu bati la jikoni linalovuja. Katikati ya maneno akasema mikono yako imekuwa laini siku hizi, tangu uache piano. Nikamwuliza, ameacha lini? Akaacha habari za bati. Halafu akasema, "Kwani hukuambiwa?"

Amenieleza yote. Kwamba tangu Machi hujakaa kwenye piano. Kwamba piano iko stoo na viti vilivyovunjika, imefunikwa turubai. Kwamba ulikuwa unakaa mbele ya kompyuta unabonyeza, na tangu mwisho wa Mei hata kubonyeza hubonyezi, unagawa karatasi za nyimbo mlangoni. Kila barua niliyokuandikia nikijisifu ilikuwa inakusogeza kiti kimoja kuelekea mlangoni. Wewe uliuliza, mimi nikajibu mbio mbio kama mtoto anayetaka kupongezwa.

Sasa lazima nikuambie kale kajambo nilikokaita kadogo.

Mchana ule ulipokwenda sokoni na dada, nilibaki sebuleni na rekodi zako. Kwenye kioo cha kompyuta noti zinaonekana kama vijiti vilivyolazwa, na mapigo ni mistari iliyosimama. Vijiti vyako havikukaa kwenye mistari. Vingine vilitangulia kidogo, vingi vilichelewa. Nilihesabu wimbo wa kumi na nne peke yake, nikakuta thelathini na vitatu vilivyochelewa. Nikasema moyoni, mama amezeeka. Nikawaza watu wasio wa kwetu wakisikiliza na kutazamana. Nikaona aibu. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuonea huruma, lakini si kweli, niliona aibu.

Kuna amri inayovuta kila noti mpaka kwenye mstari ulio karibu nayo. Niliiandika mara moja ikapita nyimbo zote sitini na tatu, chai yangu ikiwa bado ya moto. Nikahifadhi juu ya zile za kwanza. Sikuacha nakala. Mimi ninayewafokea wauguzi kila wiki kwa kutoweka nakala, sikuacha nakala ya mikono ya mama yangu.

Ukarudi na kikapu, ukaniuliza, "Zimetoka vizuri?" Nikasema, "Vizuri sana." Ndivyo nilivyokujibu, nikakupokea na kikapu.

Siwezi kuzirudisha. Lakini naweza kukupa hii. Fungua dirisha jeusi, andika rm nyimbo/*.mid na ubonyeze Enter. Zitafutika zote sitini na tatu, na mlinzi wa saa kumi hatakuwa na cha kupiga. Dirisha hilo halimwulizi mtu mara mbili, na halina kapu la taka la kuokotea. Watalazimika kukurudishia piano yako. Ukitaka nimpigie mkuu wa chuo simu nimweleze mwenyewe, nitapiga leo.

Majuto ni mjukuu, wamesema wenyewe. Wangu huyu amekuja na mizigo yake, na haondoki.

Mwanao

8 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na ninaposema sijambo safari hii niamini.

Usimpigie mkuu wa chuo. Ukimpigia nitakukana, niseme ni mtu wa kukosea namba.

Keti nikueleze. Mimi nilijua siku ileile ya kwanza. Nilisimama, nilikuandikia hivyo, sikukuambia kwa nini. Nilisikia vidole ni vyangu na mwendo si wangu. Nikafika kwenye kile kituo cha mstari wa pili, nikangoja, mashine haikungoja, ikapita. Nikajua umenisahihisha.

Na unajua niliwaza nini? Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa heri. Niliwaza kwamba wewe ni mtaalamu, umesikia kitu ambacho wenzangu wote wamekuwa wakininyamazia kwa heshima. Kwamba nimekuwa nikiharibu nyimbo za watu kwa miaka na hakuna aliyethubutu kumwambia bibi mzima. Bwana Saa aliposema nimepiga vizuri kuliko siku zote, ndipo nikathibitisha. Yeye hakuninyang'anya kiti, mwanangu. Alisema, "Mama, unaweza kupumzika kidogo," nami nikainuka. Niliona haya kugusa piano mbele ya watu. Nilikuwa nikipita stoo naangalia pembeni kama mtu anayekwepa rafiki aliyemkosea.

Sasa kuhusu hivyo vijiti vyako thelathini na vitatu. Uliponirekodi sebuleni tulikuwa wawili, lakini mimi nilikuwa naiona kwaya yangu. Aliyetunga ule wimbo alikuwa na mapafu ya ng'ombe, mstari wa pili hauna mahali pa kuvuta pumzi. Miaka yote nikifika pale, na kila mahali pengine penye shida kama hiyo, naishikilia noti, nayatazama mabega yao. Yakishapanda, naendelea. Sijawahi kumwambia mtu, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu wao walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Hata sebuleni kwetu, kwenye kinanda chako cha kuazima, niliwangojea. Hukukosea kuhesabu. Nilichelewa mara zote hizo, na zote nilizitaka.

Laiti ungeniuliza. Hilo tu ndilo lililoniuma. Ulikuwa na wiki tatu nyumbani, unakula meza moja na mimi.

Lakini ngoja, na mimi nina langu, tena ni baya kuliko lako. Yule binti niliyekuambia, Mrefu, ana pumu. Nilipokuwa napiga mimi, alikuwa anaimba kama ndege. Mashine ilipoanza kupiga, akawa anakatika pumzi mstari wa pili. Bwana Saa akataka mstari huo urudiwe mpaka aushike. Ndiyo yale maswali yangu ya Aprili, la kushusha na la kurudia, nilitumwa. Ukanijibu, nikaandika cheza 14 rudia 2, nikabonyeza. Mara ya kwanza akakatika. Mara ya nne akawa anashika kiti. Mimi nilijua dawa yake ni nini. Ilikuwa kusema neno moja tu, "Anahitaji kungojewa." Sikusema. Niliogopa Bwana Saa atasema nautetea uchelewaji wangu. Nikakaa na kidole juu ya kitufe. Mara ya saba alitoka nje na kopo lake la kuvutia dawa, na kesho yake jina lake likakatwa kwenye orodha.

Lile swali la tatu, la mashine kujianzisha, halikuwa la Bwana Saa. Lilikuwa langu. Nilishajua mstari ule utarudiwa na kurudiwa, nikataka kidole kisiwe changu.

Sasa wewe unasema umenifukuza kwenye piano. Mimi nimemfukuza mtoto wa mwenzangu kwenye wimbo, nikiwa nimekaa, macho nimeyafungua.

Ile amri yako ya kufuta niliiandika juzi. Niliiandika yote, nyota na nukta, nikakitazama kile kitufe. Halafu nikarudi nyuma herufi moja moja mpaka dirisha likawa tupu. Wanafunzi wamejifunza nyimbo zote kwa hiyo mashine, na mahafali ni Novemba. Nikiifuta, watakaoumbuka ni wao.

Nimefanya lingine. Nimekwenda kwa Bwana Saa nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alisikiliza bila kugonga saa. Mwishowe akasema, "Wimbo mmoja, Mama. Huo wa kumi na nne. Wewe na piano, na binti arudi." Si mtu mbaya, anaogopa tu mambo kuharibika mbele za watu, kama wewe.

Niombee vidole.

Mama yako

1 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa yale uliyoyabeba peke yako. Nilisoma barua yako kwenye ngazi za hospitali, nikakaa palepale, watu wakinipita na machela.

Ungeniuliza, umesema. Ni kweli. Nilikuwa na wiki tatu. Niliuliza bei ya waya, niliuliza nywila ya kompyuta ya chuo, sikuuliza kwa nini unachelewa. Nimezoea vitu ambavyo vikiwa na kasoro havina la kujieleza.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sikuweza kukaa tu nayatazama. Nimetumia Jumamosi tatu kutengeneza amri nyingine, iko kwenye flashi ndani ya bahasha hii. Ukiandika cheza 14 ngoja, itapiga mpaka mwisho wa kila mstari, halafu itashikilia ile noti mpaka mtu abonyeze kile kitufe kirefu cha chini. Yaani mtu ayaangalie mabega, yakipanda abonyeze. Nimeijaribu mwenyewe ofisini, nikaimba kwa sauti, na kweli mstari wa pili nikaishiwa pumzi mpaka mwenzangu akauliza aniitie daktari. Nikamwambia si mbali. Tulicheka, halafu nikageukia ukuta nikalia kidogo, hakuona.

Najua ni mashine tena. Najua nakuletea mashine tena. Mikono yangu haijui kitu kingine cha kufanya.

Mahafali yatakuwa mazuri, wewe ukikaa pale kwenye kiti chako yatakuwa mazuri. Nitakuwa nawaza saa hiyo, hata kama nitakuwa chini ya meza ya mtu navuta waya.

Mama, niambie umenisamehe, au niambie hujanisamehe. Lolote, lakini niambie.

Mwanao

2 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukuandikia, nisamehe. Sisi wazima. Bati la jikoni limezibwa. Nimeanza barua hii mara nne, na kila mara naishia kwenye bati.

Piano ilitolewa stoo wiki mbili kabla ya mahafali. Fundi alikuja akaikaza nyuzi, akatoa kiota cha panya chenye vipande vya daftari letu la mwaka juzi. Nikawa napasha vidole kila asubuhi kabla watu hawajafika. Vilikuwa vigumu, lakini vikakubali. Mazoezi ya pamoja na kwaya tulipata mawili tu, na yote mawili Mrefu alikuwa kitandani na kifua. Alirudi siku yenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mama yake Mrefu alikaa safu ya pili ya viti, amevaa kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Nikakaa. Tukaanza vizuri, wakaanza vizuri. Tukafika mstari wa pili.

Niliyaona mabega yake. Nataka ulijue hilo, niliyaona. Nikaiambia mikono ishikilie, na mikono ikapita. Haikusita hata kidogo. Miezi yote ile nimekaa mbele ya ile mashine nikiusikiliza wimbo ulionyooshwa, mara saba, mara ishirini, mara mia, na mikono yangu ilikuwa pale mapajani ikijifunza. Nimepiga wimbo wa kumi na nne kutoka mwanzo hadi mwisho, mwanangu, na sikuchelewa popote.

Alijitahidi mpaka neno la tatu. Halafu akakohoa, akatoka kwenye safu ameshika kifua, na mama yake akainuka kwenye kiti akamfuata mlango wa pembeni. Wenzake wakaendelea, na mimi nikaendelea. Watu wakapiga makofi. Bwana Saa akanijia, uso umemng'aa, akasema, "Sawasawa kabisa, Mama." Hakuwa ananidhihaki. Ndiyo sifa kubwa kuliko zote anazojua kutoa.

Flashi yako ilichelewa posta, ikafika siku nne baadaye. Nimempa yeye. Anaitumia, anabonyeza kitufe kirefu mwenyewe, na ananiambia ameanza kuyaona mabega. Kwa hiyo usiseme kazi yako ni bure. Mashine yako sasa inawangoja watu kuliko mimi. Muhula ujao sitapiga, nimeomba mwenyewe, na wamekubali haraka kidogo kuliko nilivyopenda.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Nimekusamehe zamani, mwanangu, wewe ni wangu, hilo halikunichukua hata siku. Lakini wiki moja baada ya mahafali nilikwenda bwenini kumwuliza Mrefu swali hilohilo, na sasa najua lilivyokuwa zito kinywani mwako. Yeye si wangu, hana deni la kunisamehe. Nilimwambia kila kitu, hata kuhusu mara saba. Alikuwa anakunja nguo zake, maana amehitimu, anasubiri hapohapo chuoni kupangiwa shule. Hakunijibu nimekusamehe, hakunijibu sijakusamehe. Aliendelea kukunja, akamaliza shati, akaniuliza, "Piano imerudi stoo?" Nikasema imerudi. Akauliza, "Stoo inafungwa saa ngapi?"

Tangu siku hiyo anakuja kila alasiri. Tunasogeza viti, tunafungua dirisha kwa ajili ya vumbi. Anaanza yeye kuimba, mimi namfuata. Nikimpita, ananyamaza, anaweka mkono kwenye piano, tunarudi mwanzo. Siku ya kwanza tulirudi mwanzo mpaka mlinzi wa chuo akaja na funguo. Hana haraka na mimi. Kuna wakati namtazama nashindwa kuendelea, naye anasubiri nimalize kujifuta macho, halafu anavuta pumzi, tunaanza.

Ukipata likizo njoo. Usilete waya wowote. Utakaa kwenye kiti kimoja kati ya hivyo vilivyovunjika, na ukiwa na la kuuliza utauliza.

Jana nilichelewa. Mara moja tu, lakini nilichelewa.

Mama yako